Saa ya Msafara wa Sultani

Jumanne, 20 Septemba 2011
Ushindi! Mzee Haroon amenipa mimi, Vénérand, saa ya mfukoni ya ukoo wao niisafishe. Mimi, si Alain, fundi mwenzangu! Babu wa babu yake aliivaa alipombebea mizigo Sultani wa Unguja kwenda Ulaya, wakapanda treni ya mvuke. Jumamosi, Siku ya Urithi, ataionyesha kule Bluff, mtaa wao hapa Durban. Nikifanya vizuri, ile meza ya barazani kwenye duka lake ni yangu. Nikiharibu, anapewa Alain, nami narudi barabarani, polisi wa jiji wanyang'anye vifaa vyangu tena. Mzee kasema niifute nje tu, ndani nisiguse.

Jumatano, 21
Aibu gani hii! Simu yangu inasema 9:10, saa ya Sultani inasema tatu na dakika kumi. Imechelewa saa sita nzima! Basi nimeisogeza mbele. Miaka mitano Durban, mimi nasoma saa kama watu wa hapa. Sijamwambia mtu, nataka Mzee ashangae mwenyewe. Alain atajua wapi mambo haya?

Alhamisi, 22
Nimekwisha! Mzee kaniletea chai, akakaa kunihadithia. Eti treni ilikimbia mpaka wenzake babu wakafumba macho na kung'ang'ania viti. Kila stesheni Wazungu walimwambia babu arekebishe saa. Akakataa katakata, akasema saa ya msafara wa Sultani inahesabu kama nyumbani. Mpaka leo hakuna aliyeipeleka kwenye saa za Wazungu. Ndiyo fahari ya ukoo.

Tatu yetu, tisa yao! Hata mama yangu kule Bujumbura anajua! Chai ikanipalia.

Alipotoka tu nikarudisha mishale nyuma haraka haraka. Tak! Kimya. Nikafungua kidogo tu, nione. Kamani, springi yake ya ndani, ikaruka mpaka kwenye viatu vya Alain, aliyekaa jirani. Akauliza ni nini. Nikasema mdudu, nikaiokota na kuificha kwenye kitambaa changu.

Jumamosi, 24
Sikulala. Sherehe inaanza saa tisa alasiri, basi mishale nimeisimamisha kwenye tisa kamili. Mzee akainua saa, watu wakapiga makofi. Nikapumua. Lakini akaendelea kuongea! Treni, moshi, Sultani, treni tena. Saa kumi ikafika, saa yake bado inasema tisa. Mama Fathima, mkewe, akaitia sikioni. Akasema imekufa.

Mzee akaniuliza mbele ya wote kama niliifungua. Nikaapa sijaigusa. Jasho likanitoka, nikatoa kitambaa nijifute. Kamani ikadondoka miguuni pake.

Mikono yake ni ya mtu wa bandarini, nilidhani ananiua. Hakunipiga. Alilia. Eish, afadhali angenipiga.

Jumapili, 25
Alain kapewa meza. Leo nimemlilia Pasta Léonard wa kanisa letu. Kanionea huruma: nitie betri kwenye saa ya ukutani ya kanisa, kisha naweza kuweka kiti changu cha kazi getini. Betri tu, kasema mara tatu.

Nimeitia. Inatembea sharp, sawasawa kabisa. Lakini mshale wa sekunde naona kama unajikokota. Nafungua kidogo tu, nione.