Kanda Zenye Alama Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

“Marehemu alitoa kila alichorekodi. Kilichobaki ni makapi.” Kayasema hayo asubuhi hii yule mtangazaji wa redio tunayemwita Koo la Asali, kwa sauti ile ile anayotangazia sabuni. Makapi! Mtu aliyetoa albamu thelathini na moja, aliyepiga gitaa hata akitetemeka kwa homa, aache makapi? Nakanusha. Marehemu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kila Jumamosi, miaka ishirini na miwili, nilikuwa chumbani kwake uani akirekodi. Koo la Asali alikuwa wapi?

Nimeamua. Itatoka albamu ya nyimbo zisizowahi kusikika. Nitazichagua mimi. Kijitabu cha ndani nitakiandika mimi, kurasa kumi na mbili. Marehemu naye atatajwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa dada. Nimemkuta anapiga pasi. Kavuta sanduku la bati uvunguni: kaseti arobaini na tatu! Kila moja ina tarehe, na kila moja ina alama ya X kwa kalamu nyekundu. Dada kauliza, hiyo si alama ya kukosa? Nikamwambia sanaa si hesabu za darasa la pili. Mabwana wakubwa hutia muhuri kazi wanazozithamini. Kanitazama, karudi kwenye kola ya shati.

Ana sharti moja. Jumamosi ya mwisho kabla shemeji hajalazwa, alimwita kutoka uani: mama, njoo usikie, huu ni wako. Mikono yake ilikuwa kwenye unga. Akajibu, nakuja. Alipomaliza kunawa na kufika, gitaa limeshalala kwenye begi lake. Shemeji akacheka, akasema usijali, umo kwenye kanda. Jumatatu wakaenda hospitali. Hakurudi.

Miezi minane sasa dada analalia sanduku hilo. Mashine ya kuchezea kaseti hana, na hata angekuwa nayo, asingethubutu peke yake. “Nitafutie huo mmoja, mdogo wangu. Hizo nyingine fanya utakavyo.” Nikaahidi. Nikamweleza pia kuhusu kurasa kumi na mbili. Pasi ikaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Makala yangu imetoka, ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la magodoro. Nimethibitisha bila shaka kwamba X nyekundu ndiyo muhuri wa kazi bora. Nimethibitisha pia kwamba mimi ni shahidi pekee aliye hai. Koo la Asali kajibu hewani, tena kwa upole, mshenzi huyu: kama ndizo bora, mbona hakuzitoa? Swali la kitoto! Nimempigia simu, nimemwita aje studio kesho asikie kwa masikio yake. Kakubali haraka mno. Ana hofu.

Ijumaa, 7 Machi

Studio ni chumba chembamba nyuma ya duka la kutoa nakala. Fundi wa sauti ni mama mmoja wa miwani, hana mchezo. Koo la Asali kaja na daftari. Nimeketi mkabala naye, nimuone akianguka.

Kanda ya kwanza. Gitaa. Sauti ile. Ubeti mmoja safi kama maji ya mtungi. Kisha mwanamume anafoka: “Hapana! Nakataa!” Ni mimi. Nazungumzia mhariri aliyenikatia aya.

Kanda ya pili: mimi, kuhusu mitaro ya mtaa. Ya tatu: mimi, napuliza chai. Ya nne, ya tano. Fundi kasimamisha mashine, kaniuliza kwa adabu, mzee, hii sauti ya pili ni ya nani? Kufikia ya tisa Koo la Asali alikuwa anafuta machozi, na si ya huzuni.

Kanda ya kumi na moja, shemeji anasikika akisema taratibu: “Shemeji, narekodi.” Nami najibu: “We endelea tu, sikusumbui.” Gitaa linakatika. Kisha kalamu: kwaru, kwaru. Mara mbili.

Fundi kasema basi hiyo ndiyo ile X, mikwaruzo miwili: wimbo umeharibika. Shemeji hakuwa mtu wa kurudia wimbo ulioharibika. Aliutupa, akaanza mwingine. Hapo nikaona mwanga: albamu thelathini na moja zimetokana na nini? Na mimi! Nimeiandika hoja hii ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Jumapili, 9 Machi

Nimempeleka dada studio. Kavaa gauni la kijani alilovaa kwenye harusi ya mtoto wao. Kanda ya mwisho.

Gitaa linaanza chini sana. Shemeji anaimba juu ya mwanamke anayechelewa kila mahali kwa sababu kila mahali kuna kazi inayomngoja yeye. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Dada kashika ukingo wa meza. Kisha mlango, na mimi.

Dakika nne na sekunde kumi. Juu ya Koo la Asali na irabu zake anazozivuta. Sikuwahi kujisikiliza nikiongea muda wote huo. Nyuma ya maneno yangu shemeji anasikika akipumua. Mara moja anakohoa. Anagonga mbao za gitaa kwa kidole, polepole, ili asipoteze mwendo. Ananisubiri. Kisha naaga, mlango unabamizwa, na ubeti wa tatu unakuja, mdogo, kwa pumzi iliyobaki: njoo hata ukichelewa, nafasi yako nimeikalia mimi isipoe.

Kanda ikaisha. Kalamu haikusikika. Alama ile lazima aliitia baadaye.

Nilimuuliza dada kwa nini shemeji hakuwahi kuniambia nitoke. Akajibu bila kunitazama: aliona aibu kumfukuza ndugu ya mkewe. Kisha akamwambia fundi akate maneno yangu. Fundi akakata, akaunga. Wimbo ukasikika mzima. Dada akaomba tena. Mara sita. Mara ya sita alikuwa anaimba naye.

Jumatano, 12 Machi

Albamu imetoka. Nyimbo kumi na mbili. Kumi na moja zinakatika pale ninapoingia, moja ni nzima. Kijitabu ni karatasi moja, dada kaandika mwenyewe, mistari mitano. Mimi nimo kwenye “na wote waliokuwa wakifika.” Koo la Asali kaupiga ule wa mwisho asubuhi, kisha kaurudisha mwanzo, kaupiga tena badala ya tangazo la sabuni. Hana hoja!

Lakini historia imekatwa kwa wembe. Dakika nne na sekunde kumi! Nimeshaandika tangazo la kesho gazetini. Ninyi mlionunua albamu hii, nawataka kama ifuatavyo: mkifika mwisho wa ubeti wa pili wa wimbo wa kumi na mbili, simamisheni mashine. Maneno yangu kamili yamechapishwa hapa chini. Yasomeni kwa sauti, wote mliomo chumbani, bila kuruka mstari. Ndipo mumruhusu shemeji amalizie.