Kamati ya Tundu la Pili

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Kiabakari mnatangaziwa kwamba vita dhidi ya tundu la pili tumeshinda. Naandika mimi Mniko, Katibu wa Kamati ya Uratibu wa Matundu ya Waya za Mtandao Majumbani. Naomba umma upuuze maneno ya vijiwe vya bodaboda kwamba Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Burito, ameaibika. Mheshimiwa yuko kazini. Kwamba kazi yenyewe anaifanyia chini ya meza ni suala la mahali tu.

Katika semina elekezi tuliyofanyia Musoma, ufukweni, kati ya sato wa kukaanga na sato wa kuchemsha, ilibainika kuwa baadhi ya kompyuta za nyumbani zina matundu mawili ya waya wa mtandao. Tundu la kwanza linaingiza mtandao. Hilo halina shida, mtandao lazima uingilie mahali. La pili je? Mheshimiwa alituuliza hivyo akiwa ameshika mwiba wa samaki, na hakuna aliyethubutu kujibu kwa kuwa posho ilikuwa haijatoka. Akajibu mwenyewe kwamba la pili linautoa mtandao kwenda kwa jirani, na jirani anapata maendeleo ambayo hayakuratibiwa.

Nilipiga makofi, tena ya kitaalamu. Tukaazimia kuziba kila tundu la pili kwa gundi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mama Dennis, yaani Petronila Nyamhanga, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kanisani anasikika hata kwaya nzima ikiimba. Kompyuta yake iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Tundu la kwanza lilikuwa na waya uliotoka dirishani kwenda tusikokujua. La pili lilikuwa na waya uliovuka ua wa minyaa hadi kwa jirani yake Gati, binti aliyemaliza kidato cha sita, ambaye siku ile alikuwa anatuma maombi ya chuo cha uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo hiyo, na bondeni kwao simu haishiki. Asipotuma angesubiri mwaka mzima, na baba yake alishasema binti hakai mwaka mzima nyumbani bila yeye kupokea ng'ombe wa mahari wa mtu. Mtu mwenyewe alishapatikana, ana makundi mawili ya ng'ombe na meno machache.

Gati alitueleza hayo huku analia. Nilimsikitikia kadiri utaratibu unavyoruhusu, kisha nikafungua gundi.

Mama Dennis akasimama mbele ya kompyuta yake. "Mniko, tundu hilo usiliguse. Hapa tunawekeshanaga ng'ombe tangu babu zetu. Mwenye wengi anampelekeaga rafiki mmoja, rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Sasa huyu mtoto anakunywa maziwa tu. Kosa lake liko wapi?"

Mheshimiwa alifurahi sana. Ni mtu wa mila, hajawahi kukosa kikao cha mila chenye nyama. Majirani walikuwa wameshajaa uani, na yeye akiona watu sauti yake hujirekebisha yenyewe.

"Mama Dennis, umejifunga mwenyewe," akasema. "Anayekunywa maziwa hana kosa, hiyo ni kweli. Mwenye ng'ombe ndiye anayejibu. Katibu, andika liwe azimio."

Nikaandika. Kwa kuwa watu walikuwa wanaitikia vizuri, akaongeza kipengele cha pili, kwamba maziwa hayakatwi mpaka Kamati ikae na kusikiliza kesi, maana kimila anayemnyang'anya mwenzake ng'ombe kabla ya kesi amekiri kosa. Kipengele hicho hakikuwa na kazi yoyote. Alikipenda tu kilivyosikika.

"Nimekubali mimi," akasema Mama Dennis. "Ila na huyu ng'ombe siyo wangu. Nami nimewekeshwa. Fuata waya."

Hapo Mheshimiwa akakumbuka kwamba ana kikao cha dharura Bunda. Lakini mimi ni mtendaji mwepesi, nilikuwa nimeshatoka nje nikiufuata waya, na umma nyuma yangu, ukiwa umembana Mheshimiwa katikati. Nilijua atajivunia. Waya ulipita nyuma ya mashine ya kusaga, ukapanda paa la banda la mbuzi, ukaingia dirishani mwa nyumba yenye vigae vyekundu. Nyumba hiyo naijua vizuri, nilikulaga pilau ya Krismasi humo. Ni ya Mheshimiwa.

Kompyuta ya sebuleni kwake ina matundu manne. La kwanza linapokea waya unaotoka ofisini kwetu, upande wa pili wa ukuta, chini ya meza yangu mwenyewe. Niliwahi kuuliza ni waya wa nini, nikaambiwa unazuia radi, na kila masika nilikuwa naushukuru. Mengine matatu yanatoa mtandao wa Kamati kwenda kwa majirani, na majirani wenyewe, wakiwa pale pale, wakasema kila mwezi wanamlipa Mheshimiwa mkononi, bila risiti. Tundu la pili ndilo la Mama Dennis.

Nilivuta waya wa tundu hilo ili niukague. Kibano chake cha plastiki kikavunjika, na waya ukawa haukai tena. Mara tukasikia mtu anapaza sauti ng'ambo ya minyaa kwamba kwa Gati mtandao umekata.

Mama Dennis alizungumza polepole, kama anayemsubiri mtoto wa darasa la kwanza. "Mheshimiwa, maziwa yamekatika nyumbani kwako, na kesi bado. Umekiri?"

Mheshimiwa akawatazama watu. Watu walikuwa wamejaa hadi getini. Akakunja suruali ya suti, akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akausukuma waya tunduni na kuushikilia kwa kidole gumba.

"Sijakiri," akasema kutoka huko chini.

Gati akaendelea. Picha yake ilikataa kupanda, cheti kikapanda kichwa chini, akaanza upya. Kila Mheshimiwa alipojikuna, sauti ilivuka ua kudai mtandao, naye akakandamiza. Jua likiwa limeshalala, vigelegele vikatoka bondeni: maombi yamepokelewa. Mama Dennis akakaa kwenye sofa ya Mheshimiwa, akalia wazi wazi. Na mimi nilifurahi, ingawa hakuna waraka unaoniruhusu.

Mheshimiwa akauliza kama sasa anaweza kutoka. Nikampekulia kanuni. Mwenye ng'ombe ndiye anayejibu, kwa hiyo kidole ni chake. Maziwa hayakatwi mpaka Kamati ikae. Kamati haikai bila Mwenyekiti kuwa kitini, na kiti hicho hakikaimiwi, kanuni aliyoitunga mwenyewe siku Makamu wake alipojaribu kukikalia. Wakati huo kwa Gati palikuwa pameshajipanga foleni ya vijana, kila mmoja na maombi yake ya chuo.

Ndipo Mheshimiwa, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake, akaomba mto wa kuwekea magoti.

Nimemwelekeza aandike barua ya maombi, aipitishe kwa Mwenyekiti.