Zima Simu, Mwanangu Anapumua

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu Limi kalazwa hapa hospitali ya Geita. Nimonia. Wamembana kidole kwa kibanio, waya unaenda kwenye mashine inayosoma pumzi zake. Ukutani wameandika ZIMA SIMU. Mfagizi kaniambia mawimbi ya simu yanavuruga mashine. Yesu wangu! Na kitanda cha jirani Mama Maduhu anamuuguza mama mkwe wake huku anaongea na simu kama yuko mnadani. Mara mashine ya Limi ikapiga kelele! Nesi Anisia akaja mbio, akarudisha kibanio, ikanyamaza. Mimi nimeshaelewa. Huyu mwanamke ataniulia mtoto.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba kwa upole azime. Akajibu kaka yake ananunua dhahabu Katoro, bei haimsubiri mgonjwa wa mtu. Mchana akasinzia. Nimeichukua simu, nimeitia kwenye hotpoti, katikati ya ugali, nikafunika. Mawimbi yapite wapi? Mashine ikalia palepale! Basi ugali hauzuii. Mama Maduhu kaamka, kaazima simu kajipigia, hotpoti ikaanza kuimba kwaya. Kaninunia. Ugali tumekula hivyohivyo.

Jumatano, 5 Machi
Jumuiya yetu wamekuja kumwombea Limi. Watu kumi na wanne! Nimesimama mlangoni na ndoo: simu zote humu, shikamoo baadaye. Wametii. Simu za vitochi tupu, nyeusi, zinafanana kama vifaranga. Ndoo nimeificha chini ya kitanda cha Limi, wezi wasiione. Katikati ya Baba Yetu zikaanza kuita. Moja, tatu, saba! Limi kafumba mikono anasali. Mashine kimya. Sielewi. Wakati wa kuondoka wamegombania simu, na mwenyekiti, mzee Agapiti, kaenda na ya Evelina. Mume wa Evelina kapiga, kapokelewa na sauti nzito. Sasa kuna kesi nyingine.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine imelia mara sita. Nimepiga magoti, nikalia nayo. Daktari Kamili akafunua blanketi. Simu! Limi aliniapia kaiacha nyumbani! Anaandikiana na kijana wa Buzwagi, na kila akitaka kuandika anavua kibanio. Daktari akasema simu haina kosa, ni kidole tu. Pumzi ni nzuri tangu jana. Mama Maduhu akacheka mpaka akashika kitanda, akasema haya mayu, mama yangu, mkosaji wako huyo hapo. Nimemkumbatia Limi, machozi tu. Anapona! Lakini nilisema nini siku ya kwanza? Simu!

Jumatatu, 10 Machi
Limi yuko nyumbani, anakula vizuri. Sasa baba yake. Asubuhi zahanati wamempima presha, iko juu. Na simu ilikuwa mfukoni! Nimeizika shambani kwenye viazi bila kumwambia. Kaitafuta kutwa nzima, kagombana na majirani, kamtuhumu shemeji yake, jasho linamtoka. Jioni kapimwa tena. Imepanda zaidi! Nikamwambia, unaona, Baba Limi? Mawimbi haya yanapita hata ardhini. Kesho nitachimba chini zaidi.