ATATAM, Chapa ya Nchi ya Theluji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeingia jumba la vyumba kumi na tisa kwa mlango wa mbele. Wa mbele! Mlinzi alitaka kunizungusha nyuma, nikamwambia mimi si mtu wa kuzibua mabomba.

Mwenye nyumba ana maduka ya fanicha na sauti ya kuamrisha fanicha. Humu ndani nitamwita Mama Jumba. Anataka waifai kila kona, hadi bafu la wageni, hadi kando ya bwawa la kuogelea. Kuta za mawe, unene sentimita arobaini. Nilipima. Wengine hukisia, mimi hupima. Nikampa kadi yangu yenye neno MHANDISI. Akaisoma pande zote mbili, kisha akaniita fundi.

Habari mbaya: shemeji alikuwepo. Mdogo wake mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kubana vichwa vya nyaya za intaneti, enzi zile akipanga nyuzi zake nane za rangi kama anasuka nywele, ulimi nje. Leo ana kampuni, na gari lenye picha yake ubavuni, amekunja mikono. Mama Jumba anamwita "kijana wetu".

Ametupambanisha. Shemeji afunge mitambo yake juu, mimi chini. Jumamosi ya tarehe kumi na sita Mama Jumba ana karamu ya ukoo, na hapo ataamua. Mshindi atafunga jumba lote, pamoja na majumba mengine kumi na moja yanayomaliziwa kujengwa mtaa huohuo, ambayo wenyewe wamemwachia yeye achague fundi. Kumi na moja! Miaka miwili ya kazi bila kumbembeleza mwenye duka la simu.

Nikishindwa? Shemeji ameshalifikiria. Pale getini alinikabidhi mfuko kwa upole wa kuudhi. Ndani mna shati la buluu la kampuni yake. Kifuani limeshonwa FUNDI MSAIDIZI. Akasema milango iko wazi, shemeji, sisi ni familia.

Saizi yangu kabisa. Dada yake ndiye aliyempa vipimo.

Nimelitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Linanitazama.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia Mama Jumba kumuuliza anapenda chapa gani. Akasema yoyote, ilimradi si ya jirani. Jirani anayo ile ya shemeji, inayojulikana mpaka kwenye kaunta za benki na zahanati. Nikauliza basi iwe ipi. Akasema yenye hadhi. Hadhi ya namna gani? Akasema mimi ndiye fundi, nijue.

Nimejua. Huyu hanunui mawimbi. Ananunua jina.

Mimi nina visahani kumi na viwili, vile vyeupe vya kubandika ukutani vinavyorusha waifai. Nilivitoa duka la jumla, katoni kavu, havina jina popote. Nimevipima nyumbani: vinapenya kuta tatu na kabati lililojaa sufuria. Kwa namba tupu vinaishinda chapa ya shemeji. Kasoro yake moja tu, ni kama mtoto hodari asiye na cheti cha kuzaliwa.

Basi nitamwandikia cheti.

Jioni nikakaa na mke wangu akichambua mchele. Nikamweleza natafuta jina la kigeni, lenye baridi ndani yake. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia methali hazifungi intaneti. Akachambua, akachambua, kisha akasema polepole: ATATAM.

ATATAM! Nililitamka mara tano. Lina uzito. Linaanza kwa A kama kampuni kubwa zote. Nikamuuliza kalitoa wapi. Akasema limemjia tu akinitazama. Kisha akaingia chumbani na nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Vumbi la mchele. Kesho nitamnunulia dawa.

Alhamisi, 7 Machi

Stika zimetoka. Rangi ya fedha, herufi kubwa nyeusi, zote sita zimesimama wima kama askari wa gwaride. Mtengeneza stika aliuliza ni kampuni ya nini. Nikamwambia angekuwa na hadhi asingeuliza.

Nimebandika moja kwenye kisahani, nikakipeleka kwa Mama Jumba ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli. (Sanduku ni la saa ya marehemu baba mkwe. Mke wangu hajui.) Nikamweleza: ni kampuni ya ukoo, kizazi cha tatu, huko kaskazini ambako theluji huanguka miezi minane. Watu hawatoki nje. Kwa hiyo intaneti lazima iwe nzuri, la sivyo wangechinjana.

Akakishika kisahani kama yai. Akasema kweli, unauona ubaridi wake.

Jirani yake, bwana mmoja wa benki aliyekuja kuazima ngazi, akakitazama na kusema ATATAM anaifahamu sana, binamu yake huko ng'ambo anayo miaka. Ila toleo la zamani lilikuwa imara zaidi.

Nilikubaliana naye. Nikasema hata kiwandani wanalalamika.

Shemeji alisimama kwenye ngazi za juu na visahani vyake vya kaunta ya zahanati. Akasema hajawahi kuisikia. Mama Jumba akamjibu kwamba labda ni mambo ya umri wake. Umri wake! Nimekula chakula cha jioni mara mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Visahani sita vimefungwa chini. Vyote vinapumua. Kwenye simu yangu nguvu ya mawimbi inasoma hasi arobaini na saba sebuleni, hasi hamsini na mbili jikoni. Asiyejua: kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Shemeji huko juu anahangaika. Chumba cha mwisho kinamsomea hasi themanini. Kwa namba hiyo huwezi kutuma hata picha ya kidole.

Nilipanda kumpa pole. Nilikaa kumpa pole karibu nusu saa.

Mama Jumba anasema intaneti ya ATATAM ni laini zaidi. Ya juu anasema inakwaruza. Sikubisha. Mteja akisikia ulaini, ulaini upo.

Jumatano, 13 Machi

Balaa. Amekuja mpambaji wa nyumba, bwana mwenye miwani juu ya kichwa na nyingine shingoni. Ametandaza vioo. Sebuleni vioo, ukumbini vioo, chini ya ngazi kioo kimoja kikubwa kuliko mlango wa kanisa. Anasema vioo huongeza nafasi. Vyumba kumi na tisa, na bado nafasi haitoshi!

Asichojua: nyuma ya kioo kuna rangi ya fedha, na kwa mawimbi fedha ni ukuta wa chuma. Sebule yangu imeporomoka kutoka hasi arobaini na saba hadi hasi themanini na moja. Nimeipita aibu ya shemeji.

Nilimwambia Bwana Vioo aondoe vitatu tu. Akasema niondoe vibandiko vyangu vya uyoga. Nikamwita muuza madirisha. Akaniita fundi wa redio. Mama Jumba alituamua kwa kusema anataka vyote viwili na hataki sauti.

Ndipo akili yangu, ambayo haijawahi kupewa cheti chochote, ikafanya kazi. Kama kioo kinarudisha mawimbi, basi nikitazamishe kioo! Nimehamisha visahani vyote vielekee vioo. Mawimbi yanagonga, yanarudi, yanatambaa ukumbi mzima kama maji ya mafuriko. Hasi arobaini na nne! Kioo cha adui sasa ni mtumishi wangu.

Kwa kuwa sasa vimepanda juu ukutani, karibu na dari, nimechapisha stika kubwa zaidi, upana wa kiganja. ATATAM lazima isomeke toka mlangoni.

Nimempigia shemeji kumuuliza kama lile shati linaweza kurudishwa dukani.

Jumamosi, 16 Machi

Sitaki kuandika. Ninaandika.

Ukoo wote ulikuja. Simu kama sitini, zote kwangu chini, maana juu hapakamatiki. Hakuna hata moja iliyokwama. Nilisimama kando ya ngazi na koti la kuazima. Watu walinyoosha vidole ATATAM. Yule wa benki alikuwa anawasimulia habari za binamu, na sasa binamu alishatembelea kiwanda. Shemeji alikaa peke yake na soda. Nilimwonea huruma. Nilianza hata kumfikiria kama msaidizi wangu, na saizi ya shati lake.

Mama Jumba akagonga glasi kwa kijiko. Akaanza kunitangaza. Alifika kwenye neno "mhandisi". Nilimsikia kwa masikio yangu: mhandisi.

Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa ameketi mbele ya kile kioo kikubwa akifungwa upya kilemba. Masikio yamemlegea, lakini macho ni ya mwewe. Akainua kidole kwenye kioo, akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe:

"Nani kaandika MATATA ukutani kwa mwanangu?"

Wakageuka. Wote sitini. Nami nikageuka.

M. A. T. A. T. A. Kioo hakikupinda hata herufi moja. Herufi hizo ndivyo zilivyo, mbele na nyuma sura moja. Na si hapo tu. Sebuleni MATATA. Ukumbini MATATA. Kwenye vioo viwili vinavyotazamana, MATATA mpaka jicho linapokoma. Bwana Vioo alivua miwani ya kwanza, akavaa ya pili.

Kicheko kilianzia kwa bibi na hakikumbakiza mtu. Yule wa benki alisema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi.

Mama Jumba hakucheka. Alipanda kiti, akakibandua kisahani, akakwangua stika kwa ukucha. Chini yake peupe.

"Na chenyewe kinaitwaje?"

"Hakina jina, mama."

Akakigeuza. Akatazama simu yake, bado imejaa mawimbi. Akaniuliza ni lini katika safari hii yote alipowahi kuniomba theluji.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji amepewa kazi. Jumba lote na yale kumi na moja.

Kwa visahani vyangu! Alimwambia Mama Jumba waziwazi kwamba vyake vimeshindwa na hizi kuta, vya shemeji ni bora, havina chapa, na yeye atavidhamini. Kila kimoja atabandika jina na simu ya kampuni yake, kikifa apigiwe yeye. Mama Jumba akasema hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya biashara.

Nilimweleza mke wangu kwamba mdogo wake ameniibia wazo la stika. Akasema tofauti ni kwamba yake ina mtu nyuma yake. Nami ningeandika jina langu tu, basi. Nikamuuliza nani atanunua jina langu. Akanitazama kidogo, akasema yeye alilinunua, na hakupewa risiti.

Ndipo nikamuuliza kuhusu ATATAM. Hakukana. Alisema alilitamka kinyume akidhani labda nami nitageuka. Tena akasema nyani haoni kundule, lakini huyu wa kwake kazungushiwa vioo nyumba nzima na bado hakuona.

Lile sanduku la saa pia limegunduliwa. Sitaki kuzungumzia sanduku.

Jumanne, 19 Machi

Nimelivaa shati. Mabega yamekaa vizuri, inaudhi. Shemeji ni bosi mstaarabu: leo aliniita "mwalimu wangu" mbele ya vibarua, halafu akanituma ngazi.

Jumba la kwanza kati ya yale kumi na moja, kuta sentimita thelathini na tano. Nilipima. Wengine walikisia.

Nimelichambua jambo lote kwa utulivu, kama mtu wa hesabu. Visahani vilikuwa vizuri. Theluji ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa moja tu: vioo. Laiti ningeuliza mapema kuhusu vioo, saa hizi huyu kijana angekuwa ananishikia ngazi mimi.

Na Mungu si wa mtu mmoja. Leo mchana daktari wa meno, mwenye jumba la saba, amenivuta pembeni. Hataki kitu chenye simu ya kampuni ubavuni, kama gari la takataka. Anataka kitu cha kipekee. Nikamuuliza swali moja la kitaalamu: nyumba ina vioo? Akasema hana hata kimoja, mkewe hapendi.

Hana hata kimoja!

Jioni nimemwomba mke wangu jina jipya, nikamwonya lisiwe na michezo. Alikuwa anakunja nguo. Hakufikiri hata kidogo, na safari hii hakukohoa. Akasema linanifaa kabisa, kama nimeshonewa.

IZIW.

Fupi. Kali. Lina Z katikati, kama mashine za gharama. Nimeagiza stika ishirini na nne.