Mzee Jivan Ndani ya Duara

Jumatatu, 4 Julai 1994

Leo nimegundua kitu. Si dhahabu. Dhahabu siku hizi inagunduliwa na kila mtu, hata mwalimu wa hesabu ameacha chaki akanunua sururu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani kwetu Nyamisangura. Nimesimama katikati ya barabara. Kushoto, kibanda cha kanda cha Heche, adui yangu katika biashara hii ya kanda, kinapiga dabu kutoka Sirari: rege iliyovuliwa maneno, ikabaki besi, ngoma na mwangwi. Kulia, barazani kwa Bibi Savita, inalia kanda yake ya kila asubuhi. Ni marehemu mumewe, Mzee Jivan wa mashine ya kusaga, akimwimbia Mungu wake kwa Kihindi na kinanda chake cha mkono.

Sikio moja Heche, sikio moja Mzee Jivan. Besi ikambeba mzee kama mtoto mgongoni! Kichwa kikazunguka, na sijavuta kitu. Baiskeli ya ndizi ikanigonga. Sikujali.

Nitachanganya hizo mbili. Wachimbaji watagombania. Heche kwisha kazi.

Jumanne, 5 Julai

Nimekwenda kwa Bibi Savita. Shikamoo mbili, kwa uhakika. Nikamwambia kanda yake imeanza kukwaruza na mimi naweza kuisafisha. Si uongo. Si uongo wote.

Akaniambia hiyo ndiyo sauti pekee ya mumewe aliyobaki nayo. Mwishoni Mzee Jivan anasahau maneno, anacheka. Bibi huamka alfajiri kwa ajili ya kicheko hicho. Jumapili mzee anatimiza mwaka tangu afariki, ndugu wanakuja kutoka Musoma kwa sala, na anataka mzee mwenyewe aimbe. Akaifunga kanda kwenye leso, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilijisikia vibaya mpaka kona ya mashine.

Regina, mke wangu, ameniambia nitoe nakala kwanza. Yeye anajua thamani ya kanda: mama yake, kabla ya kufa kule Migori, alimtumia barua ya sauti. Huificha ndani ya kopo la unga wa mtama. Nikamweleza kitaalamu kwamba nakala hupunguza roho. Akasema nikiharibu sauti ya mume wa mtu, nitafute pa kulala.

Jumatano, 6 Julai

Tatizo ni mwangwi. Wakubwa wa dabu wana mashine za mwangwi. Mimi nina sufuria.

Nimejaribu sufuria: sauti ya ugali unaochemka. Nimejaribu pipa la maji: mtu anaoga. Nimejaribu choo cha nje: nisiandike.

Alhamisi, 7 Julai

Akili kama yangu ni adimu! Machimboni kuna maduara, mashimo marefu kuliko mnara wa kanisa. Ukikohoa mdomoni mwa duara, linakukohoa mara saba.

Nimeongea na Kisyeri, mwenye maduara. Ana moja bovu, limejaa maji chini, halichimbwi. Akauliza anayeimba ni nani. Nikamjibu ni mzee mmoja mcha Mungu. Akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri.

Nimeazima redio kwa Heche. Nimemdanganya kwamba Regina anataka kusikiliza kwaya. Akanipa na betri mpya. Inaudhi sana adui anapokuwa na roho nzuri.

Ijumaa, 8 Julai

Siku ya msiba.

Saa nne asubuhi niliteremsha ndoo kwa kamba. Ndani, redio mbili: yangu inapiga dabu, ya Heche inamwimbisha Mzee Jivan. Juu, pembeni ya duara, redio ya tatu, yangu kuukuu, inarekodi.

Jamani. Besi ilitoka ardhini. Sauti ya mzee ikapanda, ikarudi, ikajizunguka, kama kusali ndani ya ndoto ya homa. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kumbe duara bovu limetobolewa hadi duara zima la jirani, na kule kulikuwa na vijana kumi na mmoja kazini. Kuimba walivumilia, wakadhani ni walokole. Ila Mzee Jivan aliposahau maneno akacheka, ukuta ukacheka. Mara saba. Kwa sauti ya babu.

Walitoka wote kumi na mmoja, weupe kwa vumbi. Mimi nilidhani ni maiti, nikaruka nyuma. Kamba ilikatika.

Haikukatika. Niliiachia. Ndoo, redio, kanda, vyote majini. Nimening'inia mdomoni mwa duara nikiita Mzee Jivan, Mzee Jivan, mpaka Kisyeri akanivuta kwa mkanda. Anataka kondoo wa kutakasa duara. Yuko sahihi.

Jumamosi, 9 Julai

Nimemwambia Regina. Hakupiga kelele. Amenihamishia godoro jikoni.

Nimebaki na ile iliyorekodiwa juu. Mchanganyiko tu. Nimefikiria kuhamia Robanda, kando ya hifadhi, nikafukuze tembo mashambani.

Jumapili, 10 Julai

Nilikwenda. Regina alinisindikiza ili nisikimbie. Nikamwambia Bibi Savita ukweli wote mbele ya ndugu zake, nikaweka kanda yangu mezani. Akaiweka redioni.

Besi. Mwangwi. Mumewe. Ndugu wa Musoma wakatazamana. Heche, aliyekuwa amekuja kudai redio yake, akasimama mlangoni, akavua kofia.

Kikafika kicheko. Mara moja, mara mbili, mpaka saba, kila kimoja mbali zaidi kidogo, kama mtu anayeondoka huku anageuka kuaga. Kisha vijana wakipiga mayowe, kisha chubwi, kisha mimi nikimwita mzee kwa sauti ya mbuzi.

Nikangoja kufukuzwa. Bibi Savita alikuwa na machozi mpaka kidevuni.

"Mwaka mzima amenichekea mara moja moja tu," akasema. "Rudisha, Ogada. Rudisha hapo hapo."

Tumerudisha mara tano. Kisha akanilisha vitamu mpaka nikashindwa kutembea. Heche ameondoka bila kudai redio.

Jumatatu, 11 Julai

Heche amekuja kudai redio.

Usiku Regina alinirudisha chumbani. Akasema nimefanya vibaya, lakini nimesema kweli, na angetamani naye kumsikia mama yake vile. Nikamshika mkono. Hakika nampenda mwanamke huyu.

Sikulala. Mwishoni mwa ile barua ya sauti, mama mkwe anamwita jina: Regina. Mara moja tu. Duara lingemwita mara saba!

Kisyeri ana duara jingine, kavu kabisa. Kopo la unga liko pale pale. Nakala sitatoa, hupunguza roho. Na kamba, safari hii, nitaishika mwenyewe.