Sanduku Lenye Akili

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha redio. Bosi kanuna. Eti kipindi changu cha habari za teknolojia kimechacha: kila wiki simu mpya, kamera kubwa zaidi, bei juu zaidi, basi. Ijumaa ataamua kama nibaki nacho au apewe Fundi Mitambo. Fundi! Mtu anayeongea kwa kuguna! Alikuwa akikunja nyaya huku anatabasamu. Nilimwona. Bila kipindi hiki, nani atanisalimia mtaani? Sikitoi.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma habari zote za wiki. Akili mnemba, akili mnemba, akili mnemba! Imewekwa kwenye friji, kwenye miwani, hata kwenye mswaki. Basi na sisi tutakuwa nayo. Nimetengeneza sanduku: boksi la viatu, karatasi inayong'aa, taa nyekundu ya baiskeli. Ndani, simu. Upande wa pili wa simu, kajificha stoo, shangazi yangu. Mwalimu mstaafu, anajua kila kitu, na asichokijua anakisema kwa sauti zaidi. Alikataa katakata kudanganya watu. Nikamwambia watamuuliza maswali na hakuna atakayeruhusiwa kumkatiza. Akauliza aje saa ngapi.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Msikilizaji wa kwanza aliuliza anunue simu gani. Sanduku likauliza aliyonayo ina ubaya gani. Akasema haina ubaya, imepitwa na wakati tu. Sanduku likamjibu kwamba hata yeye kapitwa, mbona mkewe hajambadilisha? Simu zikamiminika! Mwingine alitaka programu ya kumwamsha asubuhi. Akaambiwa alale mapema. Bosi alicheka mpaka machozi. Fundi akanong'ona kwamba mashine imepiga chafya. Nikamweleza kuwa matoleo mapya hupiga chafya, ili watu wasiyaogope. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Fundi alitaka kulifungua sanduku. Nikatangaza mbele ya Bosi kwamba haliguswi: lina joto kali, na linakula umeme wa mtaa mzima, ndivyo habari zinavyosema. Nikapiga marufuku birika la umeme la chai. Bosi akakubali! Wote wakanywa maji. Nilijiona mfalme.

Mara umeme ukakatika, tukiwa katikati ya kipindi. Studio giza totoro, mitambo kimya. Sanduku likaendelea. Tena kwa raha zake, likimsema mtu asiyemjulia hali mama yake. Fundi akauliza, taratibu kabisa, linakula umeme upi. Nikasema lina akiba tumboni. Hapo mlango wa stoo ukafunguliwa, Shangazi akatoka, simu sikioni, akiuliza ni mtoto gani asiye na adabu aliyemzimia taa akiwa anaongea. Sanduku nalo likauliza hivyo hivyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Naogopa, nisiseme uongo. Kesho sina kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi alifoka. Akaniamuru niwaombe radhi wasikilizaji, moja kwa moja hewani. Niliomba. Simu zikaanza kuita. Hakuna aliyekuwa ameamini sanduku hata dakika moja! Walimtambua Shangazi kwa neno la kwanza, maana nusu yao aliwafundisha kusoma. Wakasema akiondolewa wanazima redio. Bosi akakuna kichwa, kisha akampa Shangazi kipindi. Fundi hakupata! Mimi namsomea Shangazi habari na kumshikia glasi ya maji. Nimeshinda. Kwa kupitia dirishani, lakini nimeshinda.

Jumamosi, 8 Machi
Kipindi cha Shangazi kimevunja rekodi. Nilisoma habari ya magari yanayojiendesha. Akaniambia hewani ninyooshe mgongo, uvivu wangu unasikika. Mtaani nimesalimiwa na watu wengi kuliko zamani. Wote walinipa salamu nimpelekee Shangazi, lakini zimepitia kwangu.

Na sasa wazo jipya! Habari kubwa inayokuja ni mashine za kutabiri mvua. Mjomba wangu goti humuuma kila mawingu yakikusanyika. Nimeshampima kwenye kabati la vifaa. Anaenea vizuri, akikunja miguu.