Haki ya Kusahauliwa

Redio ya kinyozi ilipotangaza kwamba serikali imeleta sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, wateja waliendelea kusinzia. Sukari peke yake ndiye aliyekaa wima. Bwana huyu alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na wiki hiyo alikuwa na shida ya suti. Jumamosi alitakiwa kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, jaji mstaafu, aliyekwisha kuambiwa kwamba mkwe ni mkurugenzi. Kitambaa kizuri alikuwa nacho, na tusiulizane alikipata wapi. Hela ya fundi ndiyo iliyomkimbia.

Akamkumbuka mama fundi wa mtaa wa pili, aliyeandika vipimo vya wateja kwa chaki ukutani, kila mtu na jina lake.

"Mkaguzi wa data!" alijitangaza mlangoni, faili tupu kwapani. "Mama, ni nini hiki? Kiuno cha mke wa mwenyekiti kiko hadharani!"

"Ni vipimo tu, baba."

"Ni data za mwili! Walikupa ridhaa?"

"Ridhaa ya nini tena? Walinipa vitambaa."

Sukari akasikitika kwa niaba ya taifa zima. "Faini yake, mama, utauza cherehani na bado hutaimaliza."

Mama fundi akaikumbatia cherehani. Cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba. Bahati nzuri serikali ina huruma: mkaguzi akishonewa suti, faili hufungwa.

Basi akaleta kitambaa chake, akapimwa. Mama alipookota chaki, Sukari akaruka. "Usiandike! Mimi nina haki ya kusahauliwa, imo kwenye sheria. Ukimaliza kazi, unisahau."

"Nivisahau vipimo, au nikusahau wewe mwenyewe?"

"Kila kitu, mama! Sura yangu, na kwamba nilifika hapa."

"Haya, baba. Sheria ni sheria."

Jumamosi Sukari alifika akipiga mluzi. Mume wa mama fundi alikuwa mbele ya kioo, ndani ya suti, akijigeuza huku na huku.

"Mama, suti yangu hiyo!"

Mama fundi akamtazama kwa upole. "Karibu. Wewe nani, mwanangu?"

"Mkaguzi! Nilileta kitambaa!"

"Sikukumbuki. Na hata ningekukumbuka, ningevunja sheria, nitozwe faini. Kama una malalamiko, peleka ofisi ya data. Nasikia wana mkaguzi pale, wa kweli."

Sukari akatoka na shati lake lililopauka, akiburuta miguu, maana alimpenda kwelikweli mchumba wake. Simu ikaita.

"Uko wapi, mpenzi? Baba ameshakaa sebuleni."

Akatafuta uongo, akakuta ghala tupu. "Mpenzi, sina suti. Na mimi si mkurugenzi."

Binti akaangua kicheko.

"Hata baba si jaji. Njoo hivyo hivyo, ila ufanye haraka. Wenye nyumba wanarudi saa kumi."